Risasi, Joto na Gari Lililogoma Kuwaka

"Jana tu lilikuwa linawaka vizuri." Mafundi umeme wa magari huisikia kauli hii kila siku, na mwenye gari huwa anasema kweli. Jana liliwaka. Leo ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka zote, kisha inasikika tk-tk-tk chini ya boneti, au hakisikiki kitu kabisa. Abiria wa daladala wanashuka kutafuta gari jingine, watoto wanachelewa shule, na barafu iliyowekewa samaki inaendelea kuyeyuka. Kinachofuata tunakijua. Mmoja anasema stata imekufa, mwingine anasema pampu ya mafuta, wa tatu ameshaanza kukusanya vijana wa kusukuma.

Mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, tatizo liko kwenye betri, au kwenye njia ya umeme inayotoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Na betri hiyo nzito ya risasi imechunguzwa kwa zaidi ya miaka 160. Ilibuniwa Ufaransa mwaka 1859, kabla hata injini ya petroli haijawekwa kwenye gari. Pamoja na umri wote huo, swali moja la msingi kuihusu lilisubiri hadi mwaka 2011 kupata jibu: nguvu yake inatoka wapi hasa? Jibu lake ni la ajabu, na nitalifikia. Kwanza tuifungue.

Ndani ya sanduku la plastiki mna seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Zikiunganishwa kwa mfululizo zinatoa volti 12.6. Kila seli ina mabamba ya aina mbili yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Upande hasi ni risasi tupu, laini na yenye vinyweleo; upande chanya ni oksidi ya risasi, rangi yake kahawia iliyokolea. Umeme unapotumika, mabamba ya pande zote mbili hugeuka kidogo kidogo kuwa kitu kimoja, salfati ya risasi, na asidi inazidi kuwa maji. Altaneta inapochaji, mambo yanarudi kinyumenyume. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1882 na vipimo vya miaka mingi vimeyathibitisha. Ndiyo maana fundi mwenye haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani, anaweza kuijua hali ya seli kwa kupima uzito wa maji yake tu. Seli iliyojaa chaji husoma karibu 1.28, iliyoisha kabisa husoma 1.1 na ushee.

Mbunifu wa mwaka 1859 alifika hapo kwa subira. Alichukua mabamba mawili ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayaviringa pamoja na kuyazamisha kwenye asidi. Kisha akayapitishia umeme, akautoa, akaupitisha tena, mara nyingi. Kila mzunguko uliongeza kiasi cha umeme kilichoweza kuhifadhiwa. Alijua kwamba inafanya kazi. Kwa nini risasi ifanye kazi hiyo wakati metali nyingine za ukoo wake haziwezi, hilo lilibaki fumbo.

Chukua stani, ile metali inayopakwa ndani ya makopo ya vyakula. Katika jedwali la elementi, ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu analijua, stani iko juu ya risasi moja kwa moja. Ni ndugu wa familia moja na tabia zao za kikemia zinakaribiana. Hata hivyo, hakuna anayeendesha gari kwa betri ya stani. Mwaka 2011 wanasayansi wa Ulaya ya kaskazini walichapisha hesabu zilizoeleza sababu yake. Kiini cha atomu ya stani kina protoni 50. Cha risasi kina 82. Mvuto wa chaji nyingi kiasi hicho huzikimbiza elektroni zilizo karibu na kiini cha risasi kwa kasi inayofika asilimia 60 ya kasi ya mwanga. Kwa mwendo huo kanuni za kawaida hazitoshi, na inabidi kutumia nadharia ya uhusianifu, ile iliyotikisa fizikia mwaka 1905. Elektroni huwa kana kwamba zimeongezeka uzito, nazo zinasogea karibu zaidi na kiini na kushikiliwa kwa nguvu. Athari hiyo inafika mpaka kwenye elektroni za nje, zinazoshughulika na kemia. Katika oksidi ya bamba chanya, atomu ya risasi imenyang'anywa baadhi ya elektroni hizo, na ina uchu mkubwa wa kuzirudisha. Uchu huo ndio unaosomeka kwenye mita kama volti.

Watafiti hao walikokotoa nguvu ya seli mara mbili kwa kompyuta, mara moja wakiuhesabu uhusianifu na mara nyingine wakiuacha. Ulipohesabiwa, jibu lilitoka karibu kabisa na zile volti 2.1 zinazopimwa gereji. Ulipoachwa, zilibaki volti 0.4 hivi. Zidisha kwa seli sita: volti kama 10 kati ya 12 za betri ya gari zinatokana na mwendo wa elektroni ambao watu wengi hudhani una maana angani tu, kwenye nyota. Mwanafunzi anayesoma karibu na migodi ya Geita ana mfano mwingine mkononi, kwa sababu rangi ya njano ya dhahabu inatokana na athari hiyo hiyo, na zebaki ya wachimbaji wadogo isingekuwa majimaji katika joto la kawaida bila hiyo.

Tusiyakuze mambo. Hayo ni matokeo ya hesabu, na hakuna maabara inayoweza kuuzima uhusianifu ili ipime betri bila huo. Wala ugunduzi huo haujaleta betri mpya dukani. Thamani yake ni kwamba umetuonyesha kwa nini risasi, pamoja na uzito na sumu yake, imekuwa vigumu kuipatia mbadala wa karibu. Anayetafuta mbadala sasa anajua kwamba kumgeukia ndugu mwepesi wa familia hiyo ni kupoteza muda.

Sasa turudi kwenye gari lililogoma, kwa sababu kemia inayotoa nguvu ndiyo hiyo hiyo inayoichosha.

Adui wa kwanza ni joto. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 inajulikana kwamba mimenyuko mingi ya kikemia huongeza kasi karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Kwa betri, hili lina sura mbili. Mmenyuko tunaoutaka huenda kasi, ndiyo maana betri yenye joto hutoa umeme kwa nguvu. Lakini kuliwa kwa gridi zinazoshikilia mabamba, kupotea kwa maji, na chaji kujipunguza yenyewe betri ikiwa imekaa tu, hayo yote nayo huenda mbio. Makadirio yanayotumika katika kazi hii ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya nyuzi joto 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Ni makadirio, na betri moja hutofautiana na nyingine. Ila mwelekeo wake hauna ubishi. Hewa ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hufika nyuzi 32 mchana, na chini ya boneti ya gari lililokwama kwenye foleni joto hupanda mbali zaidi ya hapo.

Ulaya, betri nyingi hugoma asubuhi za Januari, na madereva huilaumu baridi. Kumbe baridi inafichua tu udhaifu uliotengenezwa na joto la kiangazi kilichopita. Baridi hupunguza nguvu ya betri papo hapo, na wakati huo huo oili ya injini inakuwa nzito, stata inadai umeme mwingi zaidi. Sisi wa pwani hatuna mtihani huo. Betri yetu inazeeka haraka kuliko ya mwenzetu wa kule, lakini kila asubuhi inakutana na injini yenye uvuguvugu inayozunguka kwa urahisi, kwa hiyo ugonjwa unajificha mpaka siku ya mwisho. Naamini hii ni sababu mojawapo ya watu wengi wa huku kuapa kwamba gari lao halikutoa dalili yoyote. Anayetaka kuujua ukweli wa betri yake aipeleke Njombe au Limuru mwezi Julai, alaze gari nje, halafu aliwashe alfajiri.

Adui wa pili ni kukaa bila chaji. Ile salfati ya risasi inapojitengeneza, mwanzoni huwa fuwele ndogo sana, na altaneta huirudisha kuwa risasi na asidi bila tabu. Ikiachwa kwa wiki nyingi, fuwele hushikana na kukua. Sukari ya mezani ikitiwa kwenye chai hupotea mara moja, ilhali bonge la sukari guru hukaa chini ya kikombe chai ikapoa. Ndivyo zilivyo fuwele kubwa za salfati: umeme wa kuchaji hauzigusi vizuri, na sehemu ile ya bamba imekufa. Hakuna dawa ya unga wala ya maji inayouzwa barabarani ambayo imethibitika kurudisha betri iliyofika hapo kuwa mpya, ingawa wauzaji wana maneno matamu.

Gari lililoegeshwa huendelea kula umeme hata likiwa limefungwa. Saa, alamu na kompyuta zake huhitaji kama miliampea 50, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ndogo ya ampea-saa 60 itakuwa imepoteza nusu ya chaji yake katika siku 25, hata tusipohesabu joto. Basi la shule linalolala likizo nzima ya Desemba, trekta dogo la mpunga lililowekwa bandani baada ya msimu, gari la mtu aliye safarini Muscat: yote yanapita humo. Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na fundi wa mtaani bila kupima, au taa ya buti ya wati 5 isiyozimika, siku hizo 25 zinakuwa tatu. Suluhisho ni rahisi. Chomoa waya hasi kama gari litakaa, au lichajiwe kila baada ya wiki mbili tatu. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakusaidii sana, kwa maana stata imechukua umeme ambao altaneta haijawahi kuurudisha.

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria waliohama kutoka karabai kwenda taa za umeme wanakutana na kanuni hiyo hiyo kwa mlango mwingine. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Mabamba yake ni membamba na mengi. Kuinyonya usiku kucha mpaka taa ififie, kila siku, kunaimaliza katika miezi michache. Mwenye sola nyumbani anayenunua betri ya gari kwa sababu ni rahisi anajikuta akinunua nyingine mapema mno.

Adui wa tatu si kemia ya ndani, na ndiye ninayependa kumzungumzia kuliko wote kwa sababu kumtoa hakugharimu chochote. Fungua boneti utazame teminali. Mara nyingi utakuta unga mweupe wenye ukijani au ubuluu wa shaba, umejitokeza pale waya unapokumbatia nguzo ya betri. Stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea 150 hadi 200, wakati taa moja kubwa ya mbele huvuta ampea tano tu. Kanuni ya mwaka 1827, ile ambayo kila mwanafunzi wa fizikia hukaririshwa, inasema volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Tuseme unga ule umeweka ukinzani wa sehemu moja kwa mia ya omu, kitu kidogo ambacho mita ya kawaida haitakionyesha. Taa ikiwaka, inapoteza volti 0.05, hutaona tofauti. Stata ikidai ampea 200, zinapotea volti 2, na stata inakosa nguvu ya kuzungusha injini. Kwa hiyo taa zinawaka, honi inalia, redio inaimba, na gari haliwaki. Watu wanahitimisha kwamba betri ni nzima na stata ni mbovu. Stata inang'olewa bure.

Unga huo hutolewa kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu. Mimina kidogo juu ya teminali na utayaona yakichemka kwa povu jinsi yanavyoimaliza asidi, mpaka povu linapokoma. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa, kwani magadi yakiingia ndani yataiharibu betri. Suuza, sugua nguzo na mdomo wa waya mpaka metali ing'ae, kaza barabara, kisha paka grisi juu yake kuzuia hewa. Usisahau upande wa pili wa waya hasi, pale unapofungwa kwenye bodi au injini. Kutu ya hapo haionekani kwa urahisi lakini inafanya hila ile ile.

Ule mlio wa tk-tk-tk nao unaelezeka. Ufunguo ukizungushwa, sumaku iliyo juu ya stata hujivuta na kufunga njia ya umeme mkubwa. Umeme ukianza kutoka, volti za betri dhaifu huporomoka, sumaku inakosa nguvu na kuachia. Ikiachia, mzigo umeondoka, volti zinapanda, sumaku inavuta tena. Mzunguko huo unajirudia mara nyingi kwa sekunde. Ukiusikia, shuku betri au teminali kwanza. Ukisikia tk moja nzito na taa hazififii, shuku stata yenyewe. Kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, angalia kama gia iko kwenye P au N kabla hujampigia mtu simu. Na injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, iache betri. Hapo tafuta mafuta, plagi, au taa ya ufunguo inayomweka kwenye dashibodi kuashiria kwamba gari halijautambua ufunguo.

Mita ndogo ya umeme, ile ya bei nafuu inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme, inamaliza mabishano mengi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu, na 11.9 imekwisha kabisa. Lakini namba hiyo peke yake inaweza kudanganya, maana betri yenye mabamba yaliyoliwa inaweza kusoma 12.6 ikiwa imepumzika na kuanguka mara tu inapopewa kazi. Kwa hiyo mtu mmoja ashike mita kwenye nguzo, mwingine azungushe ufunguo. Zikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au ina kiu ya chaji. Gari likishawaka, isome tena: kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inafanya kazi. Ikisoma 12.3 na inazidi kushuka, usinunue betri, kwa sababu hata mpya itakufa ndani ya siku chache.

Kuna jaribio jingine ambalo bado linafanywa na mafundi wengi, nalo ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, ili kuona kama altaneta inabeba. Magari ya zamani yenye dainamo yalivumilia. Ya leo hayavumilii: betri ikiondolewa ghafla, volti za altaneta zinaweza kuruka juu kwa muda mfupi sana na kuunguza diodi zake au kompyuta ya gari, ambayo bei yake inazidi betri kadhaa. Ukimwona fundi anataka kufanya hivyo, mwombe kwa heshima atumie mita.

Kuboosti, yaani kuliwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine, nako kuna utaratibu wake, na sababu yake ni gesi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Cheche ya waya wa mwisho ndiyo inayoiwasha. Kwa hiyo chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri nzima, na waya wa mwisho ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri yake. Sigara iwe mbali, na simu isitumiwe kumulika huku umeinamisha uso juu ya seli zilizo wazi. Asidi ikiruka jichoni, haitangoja.

Maji nayo yana makosa yake. Kinachopungua kwenye betri yenye vifuniko ni maji, asidi haivukizwi. Kinachoongezwa basi ni maji yaliyotoneshwa peke yake, mpaka yafunike mabamba. Kuongeza maji makali, yaani asidi, kwa imani kwamba yataipa nguvu, kunaharakisha kuliwa kwa mabamba. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi zinazoharibu pia. Na tafadhali sana, makali yasihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti, na koo lililoungua haliponi kirahisi.

Hapo mama ana haki ya kuuliza swali kubwa zaidi, kuhusu risasi yenyewe. Hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza, na mara nyingi bila dalili ya wazi. Betri nzima iliyo ndani ya gari haimdhuru mtu. Hatari inaanza pale inapopasuliwa kwa nyundo uani, asidi kumwagwa mchangani na mabamba kuyeyushwa kwenye sufuria ili yawe vizito vya nyavu au vya magurudumu. Vumbi na moshi wake hukaa udongoni miaka mingi, kuku wanachakura humo, watoto wanacheza humo.

Hili si jambo la kubuni. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi kwa miaka kadhaa kabla ya kufungwa mwaka 2014, na wakazi walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Amri hiyo ilitenguliwa katika rufaa, lakini Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Kinachouma zaidi ni kwamba risasi ya betri ni miongoni mwa vitu vinavyorejelezwa vizuri zaidi duniani. Katika viwanda vyenye vichujio na wafanyakazi waliokingwa, karibu yote hutolewa na kutumika tena kwenye betri mpya.

Betri za lithiamu zimeshaingia kwenye pikipiki za umeme na sola za majumbani. Hazina risasi, hudumu mizunguko mingi zaidi, na kwa mvuvi wa taa zinaweza kurudisha gharama yake. Kwa kuwasha gari la kawaida bado ni ghali, zinahitaji chaji inayodhibitiwa, na zile za kuungaunga zimekwisha kuchoma nyumba. Kwa miaka kadhaa ijayo, gari lako litaendelea kuwaka kwa risasi. Ukienda kununua nyingine, angalia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa kwenye sanduku, kwa kuwa iliyokaa rafuni mwaka mzima bila chaji imeshaanza kuota fuwele. Wauzaji wengi hupunguza bei ukiwaachia ile kuukuu. Ipokee nafuu hiyo, ila muulize inapelekwa wapi kutoka hapo.